Sakafu ya Mama
Sakafu ya ghorofani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa ikinesa. Mama akisujudu, maji hutikisika bilaurini. Mimi nilitaka kuimwagia saruji juu. Fundi mzee akanizuia: "Sheikh, utaiongezea mzigo, si nguvu." Akachokoa ukutani; ncha za boriti tatu zilikwisha kuoza kwa maji yaliyovuja kutoka birika la chooni. Tukaziba uvujaji kwanza, tukaitegemeza dari kwa nguzo, tukabadilisha boriti moja baada ya moja, kisha tukapitisha mhimili katikati chini yake.

Kumbe Mama aliuhisi mtikisiko ule miaka miwili, akanyamaza asinikalifishe. Ndugu zangu, tusingoje wazazi walalamike; tuwakagulie makazi yao wangali hai. Mola atujaalie kuwatendea wema. Amin.