Doti Isiyokatwa

Kila kazi ya mkono ina fundi wake, lakini leso ina mafundi wawili: anayeichora na anayeivaa. Jambo hili mwanafunzi mmoja wa usanifu wa nguo mjini Mombasa hakulijua alipoanza kazi yake ya mwisho ya masomo. Alilijua alipoimaliza.

Alianza kwa vitabu. Alisoma kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliunga vitambaa sita vya leso, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja. Na kuwa majina ya leso yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikaja za Kirumi. Kisha akachora. Pindo alilitia mawimbi meusi, mji akaupamba kwa mlango mwekundu wa nakshi, na jina akaliweka juu kabisa, mahali palipopendeza macho yake.

Bibi yake alipoitazama karatasi alicheka. Akajifunga leso yake kiunoni, akageuka. Kumbe jina hukaa chini, juu kidogo ya pindo refu, ili alisome anayebaki nyuma wakati mvaaji anapokwenda zake. Mwanafunzi alifuta mchoro wa wiki tatu akaanza upya bila ya kinyongo. Kosa la kalamu hufutika.

Kosa la pili halikuwa la kalamu. Bibi huyo na ndugu yake wa tumbo moja walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi, kwa sababu ya neno moja lililotamkwa arusini. Mjukuu alitaka nguo iwapatanishe. Basi jina alilolitia lilikuwa: MLANGO HAUKUFUNGWA. Alichapa doti mbili kwa mkono wake, rangi baada ya rangi; moja akawapa walimu, nyingine akampelekea bibi.

Bibi alisoma, akanyamaza kitambo.

"Mjukuu wangu," alisema, "maneno haya ni mazuri. Lakini nikiyavaa nimeyasema mimi, na mimi sijayasema."

Akaikunja doti, akaitia sandukuni.

Walimu waliisifu kazi ile, na mwanafunzi alifaulu. Hata hivyo sifa zao hazikumtoa haya aliyoiona mbele ya sanduku lile. Alikuwa amemwandikia mzee wake maneno ya msamaha kama mtu amwandikiaye mwingine barua, kisha akatia sahihi isiyo yake.

Doti hutoka ikiwa kitambaa kimoja chenye leso mbili. Haivaliki mpaka ikatwe katikati, na wapendanao huweza kugawana. Kila aendapo kumwamkia bibi yake huiona sandukuni, nzima, wala haulizi neno. Amekwisha fahamu kwamba kazi ya mchoraji hukoma penye mkasi, na mkasi ule umo mkononi mwa mwenye maneno.