Patrick Makau Yupi? Mambo ya Majina Tunayogawana

Andika "Patrick Makau" kwa simu yako saa hii uone. Utaletewa watu wawili. Wa kwanza ni mkimbiaji aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka wa 2011 kwa muda wa 2:03:38. Wa pili ni mbunge wa Mavoko. Wote ni watu wa Machakos, na wote wana jina la kwanza ambalo ukilifuata hadi mwisho linakupeleka Ireland.

Mimi naitwa Maureen, kwa hivyo najua maisha ya kugawana jina. Darasa la saba tulikuwa Maureen watatu, na mwalimu wa hesabu alituita Maureen A, Maureen B na Maureen C kama majibu ya mtihani. Mimi ndio nilikuwa C. Hata leo hapa Makindu ukitaja Maureen lazima uongeze kitu ndio watu wajue. Kuna Maureen wa saluni. Kuna Maureen wa M-Pesa. Halafu kuna "Maureen yule aliacha chuo". Huyo ni mimi.

Sasa wasee, leo tuongee majina. Nimekaa na hii stori kwa muda, na kadiri ninavyoichimba ndivyo inavyozidi kunishangaza.

Tuanze na Ireland. Ni nchi ndogo, hiyo jamhuri yao inaingia ndani ya Kenya mara nane. Wakatoliki wa huko wana watakatifu watatu wasimamizi wa nchi: Patrick, Brigid na Columba, ambaye kwa Kiirishi anaitwa Colm. Shika hayo majina matatu, kisha angalia riadha ya Kenya.

Patrick: Patrick Makau, Berlin, 2011. Alimvua Haile Gebrselassie rekodi.

Brigid: Brigid Kosgei, Chicago, Oktoba 2019. Alikimbia 2:14:04 na kufuta rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imekaa tangu 2003.

Colm: Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyekuja Iten mwaka wa 1976 kufundisha jiografia katika shule inayoitwa, ngoja, St. Patrick's. Akaishia kufundisha watu kukimbia. David Rudisha alipokimbia mita 800 kwa 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka wa 2012, mwalimu wake alikuwa huyo Colm.

Manze, watakatifu wote watatu wa Ireland wako kwa riadha yetu. Hakuna aliyepanga. Ni vile majina yana miguu, na yetu yalifika hapa kupitia watu tunaoweza kuwataja.

Chukua Kitui, majirani zetu. Tarehe 17 Machi 1932, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, shirika la mapadre lilianzishwa katika kijiji cha Kiltegan, huko Wicklow, Ireland. Mapadre wake wakaja Kitui miaka ya hamsini, na mmoja wao, William Dunne, akawa askofu wa kwanza wa jimbo la Kitui kuanzia 1964 hadi 1995. Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walipitia kwa maji ya ubatizo miaka hiyo yote. Enzi hizo mtoto alifika kanisani akiwa Mutuku, akatoka akiwa Patrick Mutuku. Hata mbunge wetu wa zamani hapa Kibwezi Magharibi ni Patrick, Patrick Musimba.

Lakini si yote yaliletwa na padre. Kennedy ilikuja na siasa. Mwaka wa 1960 Tom Mboya alienda kumwona John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 za kusafirisha vijana wetu wakasome Marekani. Baada ya hapo, mama akijifungua mvulana na ana ndoto ya masomo, unadhani atamwita nani? Ndio maana leo Kennedy, ambalo Ireland ni jina la ukoo, kwetu ni jina la kwanza kabisa. Muulize Kennedy Odede, aliyeanzisha SHOFCO akiwa kijana wa Kibera.

Na hapa kuna kitu kitawachekesha. Maana ya Kennedy inatoka kwa maneno ya Kiirishi ya "kichwa" na "kofia ya chuma", ingawa wengine wanasema ni "kichwa kibaya". Nawajua kina Kennedy wawili wa bodaboda hapa stejini ambao hawajawahi kuvaa helmeti maishani. Halafu Brian Boru, yule mfalme mkubwa wa Ireland aliyeuawa vitani Clontarf mwaka wa 1014, baba yake aliitwa Cennétig. Yaani Kennedy. Brian mtoto wa Kennedy! Miaka elfu moja imepita na huyo mtu bado unaweza kumpata Emali akisubiri matatu.

Maureen je? Ni Máirín, maana yake Maria mdogo. Sheila ni Síle, ambalo lilitoka kwa Cecilia. Kevin ni aliyezaliwa mzuri. Kwa hivyo Kevin, hata kama umeachwa juzi, jina lako bado linakutetea.

Susu wangu, mama yake mama, hakuwahi kujali haya yote. Kikamba hakina "r", kwa hivyo kwake mimi nilikuwa Moolini kwa wiki moja, kisha akachoka akarudi kwa jina alilonipa yeye: Mumbua. Nilizaliwa mvua ikinyesha. Kama unaijua Makindu unajua hiyo si jambo dogo. Hapa mvua ikikuja watu wanatoka nje kuangalia.

Majina yetu ya Kikamba yako hivyo, ni kama taarifa ya habari. Mutuku alizaliwa usiku, Kioko asubuhi. Nzioka ni mtu kurudi kutoka safari. Makau linatoka kwa neno la vita. Na Mbiti ni fisi. Mtoto angepewa jina kama hilo baada ya wengine kufa, ili kifo kimdharau na kipite. Sasa fikiria John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931. Huyo "fisi" alisoma hadi akawa profesa na padre wa Kianglikana, akaandika kitabu kuhusu dini za Kiafrika mwaka wa 1969 ambacho vyuo vya dunia nzima bado vinakisoma, akatafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, na akafariki 2019 akiwa na miaka 87. Kifo kilimdharau kweli.

Lakini kama jina linasema tu ulizaliwa saa ngapi au hali ya hewa ilikuwaje, basi tutakuwa wengi. Angalia Mutua. Kuna Alfred Mutua, gavana wa kwanza wa Machakos. Kuna Makau Mutua, profesa wa sheria aliyefundisha miaka mingi Buffalo, Marekani. Kuna Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkubwa wa bodi ya filamu wakati "Rafiki" ilipopigwa marufuku mwaka wa 2018. Mtu akikwambia "nimemwona Mutua kwa TV", bado hajakwambia kitu. Angalia Kilonzo. Mzee wangu akisikia Kilonzo anawaza Kakai Kilonzo na gitaa la Kilimambogo. Wengine wanawaza Mutula Kilonzo, wakili na seneta wetu aliyefariki Aprili 2013. Na gavana wa Makueni sasa ni Mutula Kilonzo Junior, ambaye jina lote amerithi kwa baba, amebaki na neno moja tu la kumtofautisha: Junior. Huyo hana raha ya kujificha. Akifanya vizuri watasema ni damu ya baba, akiteleza watasema baba asingefanya hivyo.

Kitu kilichonifungua macho zaidi kiko hapa hapa kando ya barabara ya Mombasa. Hekalu la Masingasinga la Makindu lilijengwa mwaka wa 1926, na hadi leo msafiri yeyote akiingia anakula bure. Tumekula hapo sisi wote, tusidanganyane. Siku moja nilipoenda kupiga video nikamuuliza mzee mmoja wa hapo mbona wanaume wote ni Singh. Akanielezea: mwaka wa 1699 Guru Gobind Singh aliamua wanaume waitwe Singh, yaani simba, na wanawake waitwe Kaur, yaani binti wa mfalme. Kule kwao jina la ukoo lilikuwa linaonyesha tabaka lako, huyu wa juu, huyu wa chini. Wakipewa jina moja, wanaketi kwa mkeka mmoja.

Hiyo ilinigonga. Mimi nilidhani kugawana jina ni kupotea kwa umati. Kumbe kuna watu walichagua wenyewe kuitwa jina moja ili asiwepo wa kudharauliwa.

Na bado hawakupotea. Joginder Singh alishinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Makhan Singh alipigania haki za wafanyakazi, akasimama hadharani mwaka wa 1950 kudai uhuru wa Afrika Mashariki, wakoloni wakamzuilia hadi 1961. Singh wawili tofauti kabisa. Wa kwanza unamkumbuka kwa gari lake likipasua tope. Wa pili unamkumbuka kwa miaka kumi na moja aliyokatwa maishani mwake kwa sababu alikataa kunyamaza.

Hapo ndipo ninapofikia. Jina ni la wote, lakini kile kinachofuata jina ni chako. Shida ni kwamba mara ya kwanza haujichagulii. Watu wanakuchagulia, na wanachagua kitu kilicho karibu.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Sikufeli. Ada ndiyo ilifeli. Mkopo ulichelewa, maembe ya mathe yakanunuliwa na mabroka kwa bei ya kutupa msimu huo, na siku ya mtihani jina langu halikuwa kwa orodha ukutani. Cha kuchekesha ni kwamba kulikuwa na Maureen mwingine kwa hiyo orodha, na kwa sekunde mbili moyo wangu uliruka. Nikaangalia namba ya usajili. Haikuwa yangu.

Hayo yalitokea siku moja. Lakini mtaani yaligeuka kuwa jina la ukoo. "Maureen yule aliacha chuo." Kama kwamba niliamka asubuhi nikakiacha, vile mtu huacha kikombe juu ya meza.

Ndio maana stori ya huyo Patrick wa kwanza kabisa inanishika. Watu wengi hawajui kwamba hata hakuzaliwa Ireland. Alikuwa kijana wa Uingereza ya enzi za Warumi, akatekwa na maharamia akiwa na miaka kama kumi na sita, akapelekwa Ireland kuchunga mifugo akiwa mtumwa kwa miaka sita. Akatoroka akarudi kwao. Kisha, miaka baadaye, akarudi tena kule kule alikokuwa mtumwa, sasa akiwa mhubiri. Kwa Kikamba mtu wa kurudi tunamwita Musyoka. Kwa hivyo Patrick wa Ireland, kama angezaliwa Kitui, angekuwa Musyoka na hakuna mtu angebisha. Miaka sita jina lake lilikuwa na "yule mtumwa" nyuma yake. Leo hakuna anayemuita hivyo. Hakufuta hiyo miaka, aliiandika mwenyewe kwa mkono wake. Ila alirundika vitu vingine juu yake hadi ikabaki chini kama msingi wa nyumba.

Miezi michache iliyopita niliweka mfululizo wa video kuhusu bei ya maembe shambani na bei ya maembe hayo hayo Nairobi. Juzi sokoni mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono. "Mwiitu, wewe si ndio Maureen wa maembe?"

Nikasema ndio, ni mimi. Aliye karibu akaingilia, "Huyo? Huyo ni yule aliacha chuo." Yule mama akamwangalia tu, akaniambia niende shambani kwake nipige picha, msimu huu broka amemkosea tena.

Nimeenda. Video inatoka Ijumaa.

Sasa wewe niambie. Watu wakitaja jina lako huko kwenu, wanaongeza nini? Na hicho wanachoongeza, ni wewe ulikiweka au walikubandika?