Sindano Moja kwenye Gari la Mjomba

Mwenzenu nilikuwa likizo. Wiki tatu bila mhariri kuniuliza "habari iko wapi?", bila mikutano ya waandishi inayoitishwa saa nne na kuanza saa saba. Mjomba, kaka yake mama, alinitumia tiketi nikamtembelee Coventry, Uingereza, ambako aliendesha mabasi tangu ujana wake mpaka akastaafu. Nilijua nitakula, nitalala, nitapiga picha kwenye theluji. Theluji sikuiona. Nilichokiona ni grisi.

Mjomba ana gari. Usifikirie gari la kubebea mkaa. Ni Triumph Spitfire 1500 ya mwaka 1978, siti mbili tu, paa la turubai, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na nati za magurudumu ya lori. Spitfire zilianza kuuzwa mwaka 1962, umbo lake likiwa limechorwa na Mtaliano Giovanni Michelotti, na zilikuwa zikiundwa hapo hapo Coventry, kiwanda cha Canley, hadi mwaka 1980. Mjomba anasema enzi hizo zilikuwa zinampita kila siku, yeye yuko juu kwenye usukani wa basi. Alisubiri zaidi ya miaka thelathini kupata ya kwake, tena mtumba.

Sasa gari likaanza kulalamika. Ukiachia klachi, nyuma linagonga: ko! Ukiweka rivasi, ko! tena. Mjomba akasema, "Krosi za ekseli hizo. Zimekwisha."

Kwa wale wenzangu tuliosoma sanaa: krosi ni kipande cha chuma chenye umbo la msalaba. Kila ncha imevaa kikombe kidogo, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano za chuma, nyembamba, bega kwa bega. Hizo ndizo beringi. Krosi ndiyo inayowezesha ekseli kuzunguka huku imepinda. Kama umewahi kuchungulia uvungu wa lori, umeziona kwenye propela shafti. Wala si jambo jipya. Wazungu huihusisha na Cardano wa Italia, wa karne ya 16, na Robert Hooke wa Uingereza, wa karne ya 17.

Ila kwenye Spitfire krosi ina kazi ya pili. Kila ekseli ya nyuma ina krosi moja tu, upande wa difu, na gurudumu hupanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Ekseli hiyo hiyo inayozungusha gurudumu ndiyo inayolishikilia lisichomoke kwenda ubavuni. Matoleo ya mwanzo yalijulikana kwa tabia mbaya: ukiingia kona kwa kasi halafu ukaachia mafuta ghafla, nyuma inainuka na gurudumu linajikunja kuingia chini ya gari. Mwaka 1970 wakarekebisha, springi iliyokuwa imekazwa moja kwa moja juu ya difu ikafanywa iweze kuyumba katikati. Ugonjwa ukapungua sana. Lakini krosi ikabaki pale pale. Ikikatika, unaweza kupoteza gurudumu lenyewe.

"Na Jumamosi nampeleka mkaza mjomba wako Skegness," Mjomba akasema. "Anataka kunusa bahari." Coventry iko katikati ya nchi, bahari ni safari.

Nikamwambia apeleke gereji. Akanyoosha mikono yake mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimeiona inatetemeka kwenye chai, nikanyamaza kama tunavyonyamaza wote. "Gari hili sijawahi kumpa mtu alifungue," akasema. "Wewe utakuwa mikono yangu." Utamkatalia mjomba wako?

Basi bwana, tukapiga jeki, tukaliweka juu ya stendi za chuma (Mjomba haruhusu mtu kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake). Tukatoa gurudumu, tukafungua bomba la breki, waya wa handbreki, bolti ya shokapu, mkono unaoshika ekseli kwa mbele, bolti nne za upande wa difu, na mwisho ile ya jicho la springi, ambayo ilinichukua asubuhi nzima na matusi ya Kiswahili ambayo Mjomba alijifanya hakuyasikia. Ekseli ikatoka pamoja na habu yake, maana habu haihitaji kuguswa kwa kazi hii, na kuing'oa ni vita nyingine. Krosi ya zamani ilikuwa na unga mwekundu wa kutu. Sindano nyingine zilikuwa zimesagika kabisa.

Kufunga mpya ndiko kulikonikuta. Sindano hushikiliwa na grisi tu. Unaingiza kikombe taratibu kwa kukibana kwenye jiriwa, kisha unaweka klipu ya kukizuia. Vikombe vitatu viliingia vizuri. Cha nne kikagoma nywele moja kabla ya nafasi ya klipu. Nikakaza jiriwa zaidi. Klipu ikaingia nusu. Nikaigonga kidogo, ikakaa. Kwa macho, kazi imekwisha.

Mjomba alikuwa ndani, kwenye dawa zake. Ilikuwa Ijumaa jioni. Na mimi nilijua. Aliniambia tangu mwanzo: kikombe kikigoma, sindano imeanguka imelala chini yake.

Niseme ukweli hapa. Mwaka jana nilipeleka habari ya ajali jina la marehemu likiwa si lake. Nilikuwa na shaka. Simu moja tu ingetosha, lakini saa ya kufunga ukurasa ilikuwa imefika, na kwa macho habari ilikuwa imekwisha. Kesho yake ndugu wa aliyetajwa alipiga simu chumba cha habari. Mtu wao alikuwa mzima, mama yake ndiye aliyezimia. Tuliomba radhi kwa mistari mitatu ukurasa wa ndani.

Nikaingia ndani nikamwambia, "Mjomba, kikombe cha nne sikiamini."

Hakunikaripia. Alikuja, akaivuta krosi kwa kidole kinachotetemeka. Ilikuwa nzito upande mmoja. "Toa," akasema. Tukatoa. Sindano ilikuwa imelala chini ya kikombe, imepinda. Seti ile ikawa haifai. Bahati alikuwa amenunua moja ya akiba. Nikaanza upya, nikizihesabu sindano kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Safari hii klipu iliingia kwa kidole tu. Tulimaliza kutoa hewa kwenye breki saa sita na nusu usiku.

Jumamosi akalijaribu kwanza mtaani, taratibu, akarudi, akazikagua bolti tena. Kimya, hakuna ko. Gari ni la watu wawili, mimi nikabaki na vyombo vya kuosha na simu mezani. Sikuwasha hata televisheni.

Ililia saa nane mchana. Alikuwa mkaza mjomba. "Tumefika," akasema. "Ila bahari ya huku haina harufu."