Maharage ya Lyamba

Nikiwa darasa la sita, mjomba alinichukua tushuke Muze kubadilisha maharage kwa mchele. Ukishaipita misitu ya Mbizi, juu ya Sumbawanga, ardhi ya Ufipa hukatika ghafla. Ukingo huo, Lyamba lya Mfipa, huporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Rukwa, iliko Muze.

"Mjomba, mguu wa mbele usiuamini mpaka umeshika," aliniambia. Nilicheka. Haikupita robo saa, nilikuwa nimekaa kitako, maharage yametapakaa kwenye changarawe.

Hakunigombeza. Alitua mzigo wake, akachuchumaa, tukaokota moja moja, hata yaliyojificha chini ya mizizi, mpaka jua likapinda. Kisha akasema turudi. Turudi! Na ziwa nilikuwa naliona kule chini linang'aa. Nilimnunia hadi nyumbani.

Nilimkumbuka mjomba Mei 2022, James Kagambi alipofika kilele cha Everest, mita 8,849, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Watu walishangaa miaka yake 62. Mimi kilichonishika ni kazi yake. Alianza na chaki, kama mimi; kisha akawa mkufunzi wa NOLS, shule ya Kimarekani ya maisha ya nyikani, akifundisha kamba, miamba na theluji. Na kamba si mchezo: Mlima Kenya una kilele cha Lenana, ambacho mtu hukifikia kwa miguu yake tu, na una Batian, mita 5,199, ambako bila kamba na vidole huendi. Milima ya Denali na Aconcagua alishaipanda zamani. Everest ilimngoja, au yeye ndiye aliyeingoja, hadi alipokwenda na Full Circle, kundi la wapandaji Weusi kutoka Marekani.

Sisi humpigia makofi anayefika. Lakini mwalimu wa mlimani analipwa kuwarudisha watoto wa watu, na siku nyingine hiyo maana yake ni kumwambia kijana mwenye nguvu zote, kilele kikiwa mbele ya macho yake: leo basi.

Mwaka jana nilipeleka wanafunzi Kalambo, maji yanakoanguka mita 235. Mvua ilikuwa imenyesha, mwamba unateleza. Kijana mmoja alitaka kusogea ukingoni apige picha. Nikamshika mkono, nikamvuta nyuma mbele ya wenzake.

Alininunia njia nzima, hadi Matai. Nilimnunulia muwa. Hakuula.