Kubisha Hodi Mwituni

Sauti ina tabia moja isiyopatikana katika vitu vingi: haikai kwa mwenyewe. Mtu akivaa nguo nyekundu, asiyeipenda rangi hiyo aweza kugeuza macho. Akila pilipili, mwasho humpata yeye peke yake. Lakini akipiga muziki kwa sauti kubwa, huwalisha wote walio karibu, wenye njaa na walioshiba, kwa maana jicho lina kope lakini sikio halina. Kwa hiyo sauti yahitaji adabu, na mahali inapoihitaji zaidi ni mwituni, ambako wengi hudhani kuwa adabu si lazima kwa kuwa hakuna jirani. Mimi nilikuwa mmoja wa waliodhani hivyo. Nilifunzwa, na ada ya somo langu ililipwa na mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Februari, vijana saba tulifunga safari ya kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Mlima huo una vilele vingi. Kilicho kirefu kuliko vyote ni Batian, chenye mita 5,199, na cha pili ni Nelion, chenye mita 5,188. Hivyo viwili ni vya wenye kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Sisi tulikusudia kufika Lenana, chenye mita 4,985, ambacho mtu mwenye miguu mizima na subira aweza kukifikia kwa kutembea. Katika mzigo wangu nilitia nguo za baridi, chakula, na spika moja ndogo, isiyozidi ukubwa wa kikombe, lakini yenye kishindo cha ngoma ya arusi. Niliipenda kama mtoto apendavyo kitu kipya.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa maneno machache. Siku ya kwanza tulipita katika msitu, nchi ya nyati na tembo. Kila tulipokaribia kona yenye kichaka kizito, mzee alipiga makofi mawili, akasimama, akasikiliza, ndipo akaendelea. Mimi nilikuwa nimekwisha kukatazwa kupiga muziki msituni, nikaona nimepata hoja. Nikamwuliza, "Mzee, mbona wewe wapiga kelele?"

Akajibu, "Mimi nabisha hodi, mwanangu. Anayebisha hodi husikiliza jibu."

Tulicheka, maana tulidhani ni mzaha wa wazee.

Usiku ule tulilala katika vibanda vya mahali paitwapo Met Station, penye mita 3,050. Hapo hapakuwa na nyati wa kuogopwa, nikafungulia muziki. Katika kibanda cha pili walikuwamo wasafiri waliokuwa wakishuka kutoka kileleni, wamechoka kama punda wa chokaa. Mmoja wao, mama mwenye mvi, alikuja mlangoni akatuomba kwa upole tupunguze. Tulipunguza mpaka alipokwenda zake, kisha tukaongeza kidogo kidogo hadi sauti ikarudi pale pale. Asubuhi yake tulipokuwa tukifunga mizigo, mzee alituambia, "Wanangu, huko juu ukungu hushuka ghafula. Macho yakifungwa, mtu hubaki na masikio. Kiacheni chombo hicho kilale." Tulimwitikia kwa heshima, na hatukumtii.

Juu ya mahali pale msitu huisha, na msafiri huingia katika mteremko mrefu wa matope na mafungu ya majani, ambako kila hatua huzama na kila hatua ya pili huteleza. Mzee alitangulia na watatu wenye haraka. Nyuma yao tulikuwa watatu, spika ikining'inia mgongoni mwangu na kuimba. Wa mwisho kabisa alikuwa mwenzetu mmoja mpole, aliyekuwa akisimama mara kwa mara kufunga kiatu. Karibu na saa sita ukungu ulishuka kama alivyosema mzee. Nilimwona aliye mbele yangu kama kivuli, na nyuma yangu sikuona kitu.

Wimbo mmoja ulipokwisha na mwingine haujaanza, nilisikia sauti nyembamba ikitoka chini. Nilijiambia ni ndege. Ningesimama kwa muda wa pumzi tatu tu ningejua si ndege, lakini wimbo mpya ulianza, nami nilikuwa nikiupenda. Ulipokwisha, sauti ile ilikuja tena, na safari hii ilikuwa jina langu.

Tulimkuta amelala ubavuni katika tope, mguu wake umenaswa kati ya mawe na kuvunjika juu ya kifundo. Alikuwa akitetemeka kwa baridi na maumivu. Hakutukana wala hakulia. Alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Nilisikia nyimbo zenu zote nne."

Yeye alitusikia sisi, na sisi hatukumsikia yeye. Mzee na wapagazi walimfunga mguu kwa vijiti na vitambaa, wakambeba kwa zamu mpaka Met Station, ambako gari liliweza kufika. Safari yetu iliishia hapo. Methali husema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeipima methali hiyo mara nyingi tangu siku ile, nikaona kuwa ina upungufu mmoja: asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa la mwenzangu.

Alipolazwa hospitali nilipata wakati wa kutosha wa kulifikiri jibu la mzee juu ya hodi. Sauti yake na yangu zote mbili zilikuwa kelele, lakini makofi yake yalikuwa swali, na baada ya swali aliacha nafasi ya jibu. Muziki wangu haukuuliza neno, wala haukumwachia mtu yeyote nafasi ya kujibu.

Tena mwitu si nyumba tupu. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani, Katharine Payne, na wenzake walitambua kuwa tembo huzungumza kwa sauti nzito mno, ambazo sikio la mwanadamu haliwezi kuzipata. Sauti hizo husafiri kilomita kadhaa na kuwaunganisha jamaa waliotawanyika. Ndege naye huimba ili kumwita mwenzake au kulinda mpaka wake. Basi tunaposema kuwa mwituni ni kimya, twatoa ushahidi juu ya masikio yetu tu. Pale kuna mazungumzo, nasi ni wageni tulioyakuta.

Je, muziki ni haramu huko? La. Mchungaji huwaimbia ng'ombe wake, na waliochoka hujifariji kwa wimbo kambini. Lakini mgeni mwema huanza kwa kuuliza. Ukiwa njiani, acha masikio yako yafanye kazi yao. Kama huwezi kuishi bila nyimbo, zisikilize peke yako kwa sikio moja, na la pili waachie wenzako. Ukiwa kambini, waulize walio karibu, na akikataa mmoja, iwe wamekataa wote, kwa maana anayetaka muziki aweza kuungoja, lakini anayetaka usingizi hana pa kukimbilia.

Mwaka uliofuata, mguu wa mwenzetu ulipopona, tulirudi wote saba pamoja na mzee yule yule. Tulifika Lenana wakati jua linachomoza. Usiku wa kurudi, kambini, mwenzetu huyo ndiye aliyenigeukia akasema, "Leo hatuna wimbo?" Niliinuka nikaenda kibanda cha pili kuwauliza majirani. Wakakubali, na wawili wakaja kuketi nasi. Spika nilikuwa nimeiacha nyumbani, basi tuliimba kwa vinywa vyetu, kwa sauti ya chini. Kila wimbo ulipokwisha, mzee aliinua mkono kidogo, nasi sote tukanyamaza na kusikiliza kabla ya kuanza mwingine.