Shajara ya Paa na Chaja

Jumapili, 12 Januari 2025, Syokimau

Fundi amemaliza kufunga chaja ya gari karibu na geti. Nilimwomba asifunike kwanza nione ndani. Kando ya nyaya nene kuna mmoja mwembamba, na huo ndio unaoliambia gari lichukue umeme kiasi gani. Ishara yake hupiga mara 1,000 kwa sekunde. Ikiwa imewaka kwa asilimia 10 ya kila pigo, gari linaelewa: ampea 6. Chini ya hapo halichaji kabisa. Ndivyo viwango vinavyosema. Kwa volti zetu 240 hizo ni wati 1,440. Paneli za sola paani zikibakisha wati 900, gari haliambulii kitu.

Jumamosi, 18 Januari

Saa sita mchana, jua la utosi, betri ya nyumba imejaa, na paneli za kilowati 5 zinatoa wati 300 tu. Si mbovu. Inveta yetu imewekwa isipeleke umeme kwenye gridi, basi nyumba ikitosheka inazibana paneli. Kitabu cha chaja kinataka kihisi kwenye mita, kipime umeme unaotoka nje, kisha chaja iufuate huo. Ujerumani au Uingereza sawa, kwa sababu ziada huko inatoka na kuuzwa. Kwangu kihisi kinasoma sifuri kutwa, na chaja inaendelea kungoja. Ziada yenyewe haijazalishwa, itaonekanaje?

Najua kanuni za 2024 zinaruhusu mwenye sola kupeleka umeme kwenye gridi na kuhesabiwa nusu ya yuniti zake. Nusu hainivutii ilhali gari liko uani.

Jumapili, 19 Januari

Tumeacha kuiuliza mita, tunaiuliza betri. Ikifika asilimia 95, programu inawasha chaja kwa ampea 6 na kutazama. Betri isipoanza kutoa, inaongeza ampea moja. Ikianza kutoa, inapunguza. Kifungua mimba alishika simu akinisomea: wati 300, 1,740, 1,980... Paneli zilikuwa na nguvu muda wote huo, hakuna aliyeziomba. Gari letu, Leaf mtumba wa Japani, halipokei zaidi ya kilowati 3.3 hivi, likaishia hapo. Mama watoto akapita na beseni la nguo: "Na pasi je, nisubiri gari lishibe?" Apige tu. Pasi ikiwaka chaja inajipunguza yenyewe.

Jumanne, 28 Januari

Jua kali, paneli zimebanwa tena. Gari liko mjini, kwenye maegesho ya ofisi ya mama watoto, chini ya ghorofa ambako hata mwanga haufiki. Hili hakuna programu ya kulitatua. Ijumaa anafanyia kazi nyumbani; basi Ijumaa na wikendi ndizo siku za jua, nyingine ni stima ya usiku.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua za masika. Wingu likipita, chaja inakatika, ta! Likiondoka, ta! inawaka. Swichi ya ndani itachakaa bure, na magari mengine hukasirishwa na kukatizwa hivyo yakagoma. Nimeweka masharti: ziada idumu dakika 5 kabla ya kuwasha, na upungufu udumu dakika 10 kabla ya kuzima. Pengo la katikati betri ya nyumba italiziba.

Jumapili, 20 Julai

Baridi, mawingu mazito tangu asubuhi. Betri ya nyumba yenyewe haijajaa, sembuse gari.

Jirani amekuja kuuliza anunue chaja ya aina gani. Nimemuuliza saa sita mchana gari lake huwa wapi. Industrial Area, Jumatatu hadi Jumamosi. Nimemshauri afunge soketi nzuri yenye waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, achaji usiku, na hela za chaja janja aweke kwenye betri ya nyumba.