Mkono Juu ya Farasi

Tuliketi nyuma ya ukumbi, sisi wazazi wake, midomo tumeifumba kama masharti ya mashindano yanavyotaka. Binti yetu wa miaka 14 alikuwa akicheza sataranji na mwanamama wa makamo, mchezaji wa ridhaa kama yeye. Saa ya mezani ilimbakishia dakika 6, na ushindi ulikuwa karibu. Tulikwisha kuwaza namna ya kumpasha habari nyanya yake, ambaye mchezo huu, uliotoka Bara Hindi ukapitia Uajemi na Arabuni, hadi leo hauridhii sana.

Ndipo akamshika farasi. Mwenzake alikuwa ameinama akiandika hatua yake karatasini, hakuona. Sheria ni ngumu: kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza, huna budi kuicheza. Na farasi yule akiondoka, ngome aliyokuwa akiilinda italiwa.

Akauondoa mkono. Akatutazama.

Tuwe wakweli, ndugu wasomaji: sote wawili tuliomba moyoni mkono ule usirudi. Sisi, tunaomkanya uongo kila uchao!

Akaitazama saa, akamsogeza farasi. Ngome ikaliwa. Baada ya hatua 11 alimlaza mfalme wake, wakapeana mikono.

Jioni, kwenye feri ya Likoni, alituuliza kwa sauti ndogo, "Mliniona nilipomgusa?"

Tukaanza kuzungumza habari za upepo.